Kantini ya Serikali na Mfanyabiashara Asiyeona: Kipaumbele cha Marekani Kinavyofanya Kazi

Kila baada ya muda huzuka Marekani shauri ambalo kwa masikio ya mgeni ni la ajabu kidogo. Jeshi limetangaza zabuni ya kulisha askari kambini, kampuni kubwa ya chakula imeshanoa visu, halafu inatokea ofisi ya jimbo na kusema: ngojeni, sisi ndio tunaoulizwa kwanza, tuna mtu asiyeona mwenye leseni ya kazi hiyo. Na sheria iko upande wake, angalau kwa kiasi cha kulifikisha jambo mahakamani.

Ndugu zetu wanaoishi huko hukutana na kitu hichohicho kwa sura ndogo. Umekwenda kwenye jengo la serikali kushughulikia karatasi zako, njaa inakubana, unashuka chini kununua kahawa na mkate, unamkuta muuzaji ana fimbo nyeupe. Hapo maswali huanza. Je, ni sadaka ya serikali? Ni mwajiriwa? Kama haoni, mbona nimemwona anaisogeza simu usoni na kuisoma? Na kwa nini yeye, na si mlemavu wa miguu aliyeko mtaani kwetu?

Majibu yanayozunguka mitandaoni mengi ni ya kukisia. Kwa hiyo tuanze na maneno yenyewe, ndipo tufike kwenye ugomvi.

Sheria inayohusika inaitwa Sheria ya Randolph-Sheppard, ya mwaka 1936. Inasema kwamba watu wasioona wenye leseni wapewe kipaumbele cha kuendesha biashara za kuuza vyakula na bidhaa ndogondogo kwenye maeneo ya serikali kuu ya Marekani. Maeneo hayo ni majengo na ardhi zinazomilikiwa, kukodiwa au kutumiwa na idara za serikali kuu: maofisi, posta, kambi za jeshi. Ofisi ya gavana wa jimbo haimo, wala ukumbi wa manispaa. Majimbo mengi yametunga sheria zao ndogo zinazofanana na hiyo kwa ajili ya majengo yao, lakini hizo ni habari za kila jimbo.

Asiyeona, kwa maana ya sheria hii, si lazima awe gizani kabisa. Ni mtu ambaye jicho lake lililo zima zaidi, hata akivaa miwani, linahitaji asogee hadi mita 6 ili aone kile ambacho wengine wanakiona wakiwa mita 60. Kwenye kliniki zetu za macho hali hiyo huandikwa 6/60. Au ni mtu ambaye uwanja wake wa kuona umebanwa usizidi nyuzi 20, kama anayechungulia dunia kupitia bomba. Kwa hiyo yule uliyemwona akisoma simu akiwa ameigandamiza kwenye pua hajamdanganya mtu. Pengine anaona herufi moja kwa wakati, na uso wako hauoni.

Halafu lipo neno kipaumbele, ambalo ndilo linalochanganya wengi. Fikiria hospitali zetu zenye dirisha la wazee. Mzee akifika, anapishwa mbele ya foleni. Lakini bado anaandikishwa, bado anapimwa, na daktari hamtibu vizuri zaidi kwa sababu tu alipishwa. Kipaumbele cha Randolph-Sheppard kiko hivyo: kinampa mtu nafasi ya kuitwa kwanza. Hakimlipii mshahara, hakimletei wateja, na akishindwa kazi hakimwokoi.

Ila kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo ambayo watu huikosa. Anayeitwa kwanza dirishani si yule mtu asiyeona mwenyewe. Ni jimbo lake.

Mlolongo uko hivi. Wizara ya Elimu ya Marekani ndiyo inayosimamia sheria nchi nzima, kupitia kitengo chake cha huduma za utengamao, yaani za kumwezesha mwenye ulemavu kufanya kazi. Chini yake kila jimbo linaloshiriki lina ofisi iliyoteuliwa kutoa leseni. Ofisi hiyo ndiyo inayoomba kibali au kuingia mkataba na idara yenye jengo. Ikishapata mahali, inamweka pale mmoja wa watu wake wenye leseni. Mtu asiyeona hawezi kuamka asubuhi, akatembea hadi posta ya karibu na kusema nipisheni, sheria inanitambua. Atarudishwa nyumbani. Lazima kwanza awe raia wa Marekani, athibitishwe kwamba haoni kwa vigezo vile, apitie mafunzo ya jimbo lake, apate leseni, kisha asubiri nafasi. Nafasi zikitokea, wenye leseni hushindania kwa taratibu za jimbo, na aliyefanya kazi nzuri katika kibanda kidogo anaweza kupanda hadi kwenye mgahawa mkubwa. Uhamisho na kupanda ngazi ni sehemu ya sheria yenyewe.

Kwa nini walilizungusha hivyo? Jibu liko katika mwaka wenyewe. 1936 Marekani ilikuwa bado haijainuka kutoka kwenye Mdororo Mkuu wa uchumi. Watu wazima wenye macho mawili na mikono miwili walikuwa wanapanga foleni za supu, sembuse asiyeona, ambaye hata nyakati za neema waajiri walimwona mzigo. Mbunge Jennings Randolph wa West Virginia na seneta Morris Sheppard wa Texas waliusukuma muswada, na Rais Franklin D. Roosevelt akausaini tarehe 20 Juni 1936. (Sheppard huyu ndiye anayekumbukwa pia kwa kupigania marufuku ya pombe nchi nzima. Randolph kwa upande wake aliishi kwenye siasa muda mrefu kiasi kwamba alikuja kuwa mtetezi mkuu wa kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18.)

Walichoruhusu mwanzoni kilikuwa kidogo sana: kibanda kwenye ukumbi wa kuingilia jengo, kikiuza magazeti, pipi, sigara na vitu vingine vilivyokwisha kufungwa kabla ya kufika pale. Hakuna kupika. Serikali kuu ilikuwa na majengo lakini haikuwa na mafundi wa kufundisha wasioona. Majimbo yalikuwa nao. Basi wakagawana: wewe toa ukumbi, wewe toa mtu na mafunzo. Mgawanyo huo haujabadilika hadi leo, na ugomvi mwingi unazaliwa hapohapo, kwa sababu mwenye ukumbi na mwenye mtu ni serikali mbili tofauti.

Mwanzoni mambo yalikwenda kimyakimya. Kilichokuja kukivuruga kibanda kilikuwa mashine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zile mashine za kutumbukiza sarafu ukapata soda, sigara au chokoleti zilienea kila korido. Mashine haisinzii wala haifungi saa kumi na moja. Na nani aliyezimiliki? Mara nyingi fedha zake zilikwenda kwenye vyama vya starehe vya wafanyakazi wa jengo hilohilo, kugharamia tafrija na michezo yao. Yaani mfanyakazi wa posta alikuwa na sababu ya mfukoni ya kupita mbele ya kibanda bila kusimama. Marekebisho ya 1954 yalijaribu kuwalinda wenye vibanda, lakini yaliacha mianya mipana, na wakuu wa idara waliopenda kuitumia waliitumia.

Ukarabati wa kweli ulikuja 1974. Randolph, sasa akiwa seneta, alikuwa mstari wa mbele tena. Sheria ikapanuliwa kutoka kibanda hadi migahawa kamili, vibanda vya vitafunwa na mashine zenyewe. Chakula kikaruhusiwa kupikwa palepale. Hata tiketi za bahati nasibu zikaruhusiwa, pale sheria ya jimbo inapozikubali. Idara ikitaka kumnyima asiyeona nafasi kwa hoja kwamba kuwapo kwake kutaathiri maslahi ya taifa, haiwezi tena kunong'ona tu. Lazima iandike sababu zake na kumpelekea Waziri wa Elimu, na uamuzi wake ndio unaoshika. Majengo mapya au yanayofanyiwa ukarabati mkubwa, yenye wafanyakazi wa serikali kuu 100 au zaidi na eneo la ndani lisilopungua futi za mraba 15,000, yakatakiwa kutenga mahali panapofaa tangu kwenye ramani.

Na zile mashine? Hapa watunga sheria walipiga hesabu ya kibiashara hasa. Mashine ya mtu mwingine ikiwa kwenye jengo lenye mfanyabiashara asiyeona na inamchukulia wateja moja kwa moja, mapato yake yote, ukishatoa gharama za bidhaa, yanakwenda upande wa wasioona. Ikiwa haishindani naye moja kwa moja, nusu. Ikiwa haishindani naye na iko mahali ambapo angalau nusu ya saa za kazi ni nje ya saa za kawaida za ofisi, asilimia 30. Mapato hayo humfikia mfanyabiashara aliyeko pale hadi kiwango fulani. Yanayozidi, au yanayotoka kwenye majengo yasiyo na mfanyabiashara, hupokelewa na ofisi ya jimbo. Sehemu zinazoingiza chini ya dola 3,000 kwa mwaka hazisumbuliwi. Na yapo maeneo mawili yaliyoachwa nje ya mgawo huu: maduka ya jeshi yanayohudumia askari na familia zao, na kantini za hospitali za maveterani. 

Mwaka 1982 likaongezwa jambo ambalo dereva yeyote wa masafa marefu huko analiona bila kujua. Bunge liliruhusu mashine za vitafunwa kwenye vituo vya kupumzikia kando ya barabara kuu zinazounganisha majimbo, na kuelekeza kwamba kipaumbele kiwe kwa wasioona. Soda uliyonunua katikati ya safari, mahali ambapo hapana duka wala mtu, kuna uwezekano mkubwa ni biashara ya mtu asiyeona.

Turudi kwenye hela, maana ndiko uzushi uliko. Mfanyabiashara huyu si mwajiriwa wa serikali. Amejiajiri. Anaagiza bidhaa, anaajiri wapishi na wahudumu, wanaoona na wasioona, anawalipa, analipa kodi, na kinachobaki ndicho chake. Ni kweli kwamba anaanzia pazuri: jimbo linamwekea majokofu, rafu, majiko na bidhaa za kuanzia, na vifaa vikubwa kwa kawaida hubaki mali ya jimbo. Pale penye kibali, gharama za kawaida za usafi na matengenezo ya jengo hazimwangukii, na kwa kawaida hatozwi kodi ya pango. Mjasiriamali gani asingelipenda hilo? Lakini pia anakatwa. Majimbo yanaruhusiwa kukata sehemu ya faida yake halisi na kuitia kwenye mfuko wa pamoja. Mfuko huo hutengeneza na kununua vifaa, hugharamia huduma za usimamizi, na humwinua mwenzao ambaye kibanda chake hakijitoshelezi. Ili mfuko huo utumike pia kwa pensheni, bima ya afya au likizo ya ugonjwa, wengi wa wafanyabiashara wenyewe lazima wapige kura kukubali. Wana kamati waliyoichagua katika kila jimbo, na ofisi ya jimbo inapaswa kuishirikisha katika maamuzi makubwa. Inapaswa, si kila mahali inafanya hivyo kwa moyo mkunjufu.

"Lakini anajuaje kama umempa dola 1 au dola 20?" Swali hili huulizwa kwa kejeli, na bado ni zuri, kwa sababu noti za Marekani zinawadhulumu wasioona kuliko za nchi nyingi. Kuanzia dola 1 hadi dola 100 zote zina ukubwa uleule. Noti za Kenya zilizotoka mwaka 2019 zina alama za kupapasa ukingoni. Wamarekani wao wamebishana juu ya jambo hilo miaka mingi. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba wizara ya fedha ya nchi hiyo inawabagua wasioona kwa kutoa noti wasizoweza kuzitofautisha. Kilichofuata si noti mpya bali kifaa kidogo kinachosoma noti na kutamka thamani yake, ambacho serikali ilianza kuwagawia bure. Kabla ya hapo, na hata sasa, wafanyabiashara wana mbinu zao: mteja anataja noti anayotoa, kila thamani inakunjwa kwa namna yake au inalala kwenye droo yake, na mashine ya mauzo inasema kwa sauti. Na ukweli ni kwamba wateja wengi siku hizi wanagusisha kadi. 

Sasa twende kambini, ambako fedha ni nyingi na mawakili pia.

Bwalo la chakula la jeshi halifanani na kibanda cha posta. Askari anakula, serikali inalipa. Mkataba unaweza kuwa wa mamilioni ya dola kwa mwaka na kuhitaji wafanyakazi mamia. Swali la kwanza lililopelekwa mahakamani lilikuwa rahisi kulitaja: je, bwalo la jeshi ni mgahawa unaohesabika kwenye sheria hii, au ni kitu kingine? Mahakama za rufaa zilijibu kwamba linahesabika. Mahakama hizo zimegawanywa kwa mizunguko, yaani kanda za nchi: ya mzunguko wa nne ilisema hivyo mwaka 2001 katika shauri lililohusu kambi ya Fort Lee huko Virginia, na ya mzunguko wa kumi mwaka 2003 kuhusu kambi ya anga ya Kirtland, New Mexico.

Tazama nani alikuwa upande wa pili katika mashauri hayo, maana hapo ndipo hadithi inapokuwa chungu. Hakuwa tajiri mwenye mahoteli. Lilikuwa shirika linaloyawakilisha mashirika yasiyo ya faida yanayoajiri watu wenye ulemavu mkubwa. Marekani ina sheria nyingine, ya 1938, iliyotungwa ili serikali inunue mifagio, brashi na vitu vya aina hiyo vilivyotengenezwa na wasioona. Mwaka 1971 ilipanuliwa ikaingiza walemavu wengine na ikaingiza huduma, si bidhaa tu. Kuhudumia bwalo, kuosha masufuria na kufuta meza ni huduma. Kwa hiyo mkataba uleule wa chakula unatamaniwa na makundi mawili ambayo Bunge liliyaahidi yote: kundi moja linampa mtu mmoja asiyeona biashara yake mwenyewe, kundi la pili linawapa makumi ya watu wenye ulemavu mshahara wa kila mwisho wa mwezi. Mahakama katika mashauri yale mawili ziliona sheria ya wasioona ni mahususi zaidi kwa migahawa, ikashinda.

Haikuishia hapo. Jeshi lilijifunza kugawanya mikataba. Kuna mkataba wa kuendesha bwalo lote, yaani kununua, kupika, kupanga na kusimamia. Na kuna mkataba wa kazi za pembeni tu, kama kusafisha vyombo, meza na sakafu, huku wapishi wakiwa askari wenyewe. Kwa ule wa kwanza hakuna mjadala mkubwa. Kwa wa pili wanauliza: anayeosha sufuria anaendesha mgahawa? Mawakili wamelipwa vizuri kwa swali hilo miaka mingi, na kila upande una hukumu au maamuzi ya kunukuu.

Hata pale ambapo kipaumbele kinakubalika bila ubishi, bei na ubora havifumbiwi macho. Kwa migahawa mikubwa idara ina njia mbili. Inaweza kukaa mezani moja kwa moja na ofisi ya jimbo na kuafikiana. Au inatangaza zabuni na kuialika ofisi ya jimbo ishindane na kampuni nyingine. Zabuni zikishapimwa kwa bei, uzoefu, usafi, orodha ya vyakula na kadhalika, hutengwa zile zenye nafasi halisi ya kushinda. Ya jimbo ikiwa ndani ya kundi hilo, hata kama si ya kwanza, kwa kawaida ndiyo inayopewa. Ikiwa nje, imetoka. Sheria inataka chakula cha ubora wa juu kwa gharama ya kuridhisha, kisichopungua kile wafanyakazi walichozoea. Anayesema kwamba askari wanalishwa ovyo ili kumfurahisha mtu mmoja asiyeona hajaisoma kanuni.

Lawama moja, hata hivyo, siwezi kuipuuza. Mtu aliyeanza na kibanda cha pipi hana mtaji wala wafanyakazi wa kulisha kambi. Kwa hiyo ofisi ya jimbo humtafutia kampuni mshirika yenye uzoefu, na mkataba unaendeshwa kwa pamoja. Baadhi ya ubia huo ni wa kweli: mwenye leseni yuko kambini alfajiri, anasaini malipo, anafukuza wapishi wachafu. Mwingine unanuka, jina liko mbele na biashara iko nyuma, na kampuni inayofaidi kipaumbele haina ulemavu wowote. Watetezi hujibu kwamba kampuni kubwa za kawaida nazo hutumia wakandarasi wadogo na hakuna anayeziita za uongo. Jibu hilo halinitoshi. Kipaumbele kilitungwa kwa ajili ya kumfanya mtu awe mfanyabiashara, na ofisi ya jimbo inayokubali ubia wa jina tu inakula kwenye chungu cha wale wanaosubiri kwenye orodha.

Ugomvi ukitokea, hauanzi mahakamani. Mfanyabiashara anayedai ofisi ya jimbo imemwonea huomba kwanza kusikilizwa rasmi na jimbo lenyewe. Asiporidhika, anapeleka malalamiko kwa Waziri wa Elimu, ambaye huitisha jopo la wasuluhishi watatu: kila upande unachagua mmoja, na hao wawili wanamchagua mwenyekiti. Ofisi ya jimbo nayo inaweza kuishtaki idara ya serikali kuu kwa njia hiyohiyo. Uamuzi wa jopo unawabana wote, ingawa mahakama inaweza kuupitia. Utaratibu huu unaweza kuchukua miaka, na mgahawa uliogombewa wakati huo wote una mtu mwingine ndani yake anayepika na kuuza.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania huuliza kama hatuna kitu cha namna hii. Tuna vya karibu. Kenya tangu 2013 inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania nayo ina asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, na halmashauri zinatakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kama mikopo isiyo na riba, mafungu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ila sisi tumetenga fungu la fedha, wao wametenga mahali. Mkopo unakupa hela na kukuacha utafute eneo, na kila mama lishe anajua kwamba eneo ndilo linalouza, si sufuria. Kiti kilichohakikishwa mlangoni mwa jengo lenye watumishi mia tano kina thamani ambayo mkopo wa kikundi hauwezi kuifikia. Kwa upande mwingine, fungu linagawanyika kwa walemavu wa kila aina, na mahali ni pa asiyeona peke yake. Hilo ndilo jibu la yule aliyeuliza kuhusu mlemavu wa miguu: sheria hii haimtambui. Wasioona wa Marekani walijipanga mapema na kuupata mlango wao 1936, na wameulinda kwa wivu tangu hapo. Vyama vyao vikubwa viwili vya kitaifa vya wasioona, ambavyo hupingana kwa mengi, kila kimoja kina tawi la wafanyabiashara hawa.

Ubaya wa kutegemea mahali ni kwamba mahali panaweza kubaki patupu. Korona ilipowarudisha watumishi nyumbani mwaka 2020, kahawa haikuwa na wa kuinywa. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge lilitenga dola milioni 20 za kuwafidia wafanyabiashara wa programu hii, na wengi wao hawakurudia mauzo ya zamani kwa sababu kazi ya kukaa nyumbani ilishaota mizizi. Amri ya Januari 2025 ya kuwarudisha watumishi wa serikali kuu ofisini iliwajazia wengine viti, lakini mwaka uleule serikali ilikuwa inapunguza watumishi na kutafuta majengo ya kuachana nayo. Wakati huo kibanda chenyewe kinabadilika: rafu zilizo wazi, jokofu unalolifungua mwenyewe, na kioo cha kugusa unacholipia bila kuongea na mtu. Kinapunguza mishahara na kinaweza kuwekwa mahali ambapo mgahawa kamili ungekufa, ndiyo maana wenye leseni wengi wamekikimbilia. Kioo kisichosema kwa sauti, lakini, ni tatizo kwa mwenye duka mwenyewe.

Na kwa familia za waongea Kiswahili zilizohamia huko, ambazo huenda zina ndugu asiyeona aliyechoka kukaa ndani: kadi ya ukaazi wa kudumu haitoshi kupata leseni hii, uraia unahitajika. Lakini huduma za utengamao zinazotangulia, yaani kujifunza kutumia fimbo, kompyuta yenye sauti na stadi za kazi, hazidai uraia. Anayeruhusiwa kufanya kazi nchini anaweza kuziomba kwenye ofisi ya jimbo lake. Texas, kwa mfano, ofisi hiyo ni ileile ya tume ya nguvukazi ya jimbo inayotoa leseni za kantini. Kwa hiyo anaweza kuanza mafunzo hayo sasa, na akishakula kiapo cha uraia aombe leseni kwenye ofisi ambayo tayari ina faili lake.